Ukatili wa kijinsia katika mnyororo wa ugavi wa mazao: maswali ambayo wafanyabiashara huuliza

Majibu haya ni kwa ajili ya wanaonunua, wanaosindika, wanaosafirisha na wanaouza mazao ya shamba: mwenye kiwanda cha kufungasha, meneja manunuzi wa maduka makubwa, mwenyekiti wa chama cha ushirika, msafirishaji wa maua au kahawa. Wengi wao wanakubali kwamba ukatili ni uovu. Kinachowatatiza ni kuona unawahusu vipi wao, ambao hawajawahi kumnyanyasa mtu yeyote.

Ni vitendo gani vinavyohesabiwa kuwa ukatili wa kijinsia kazini?

Kipimo kinachokubalika duniani ni Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Unagusa kitendo chochote, au tishio lake, kinachomletea au kinachoweza kumletea mtu madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi, hata kama kimetokea mara moja tu. Kubaka kumo, kupiga kumo. Vilevile kushikashika, maneno machafu, kudai ngono ndipo mtu apewe kazi, na kumnyima mtu kilo zake kwenye mizani kwa sababu amekataa.

Kinachosahaulika mara nyingi ni mipaka ya kazini kwenyewe. Mkataba huo unahesabu mahali mtu anapolipwa, anapokula, anapopumzika, vyoo na mabafu, nyumba zinazotolewa na mwajiri, ujumbe wa simu unaohusu kazi, na safari ya kwenda na kurudi. Kwa mfanyakazi wa shamba hilo ni jambo kubwa, maana lori linalowabeba vibarua kabla ya mapambazuko na nyumba za kambi ndimo mengi yanamotokea. Unawalinda pia wanaotafuta kazi, wanaojifunza kazi na wale ambao mikataba yao imekwisha.

Kwa nini kilimo kinatajwa sana? Si sekta zote zina tatizo hili?

Zinalo. Utafiti wa ILO uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 5 walio kazini duniani amewahi kukumbana na aina fulani ya ukatili au unyanyasaji huko kazini. Ila kilimo kimekusanya mahali pamoja mambo ambayo, yakikutana, humwacha mfanyakazi bila pa kushika.

Chukua shamba linaloajiri kwa msimu. Kibarua huamka bila kujua kama leo ataitwa. Anayeita majina ni msimamizi mmoja. Huyo huyo ndiye anayegawa mistari ya kuchuma, na mstari mzuri ndio wenye mazao mengi, kwa hiyo ndio wenye hela. Ndiye anayesoma mizani na kuamua kilo ngapi zikatwe kwa ajili ya unyevu na uchafu. Ndiye anayepeleka ofisini orodha ya watakaorudi msimu ujao. Pengine ndiye pia anayegawa vyumba vya kambi. Mtu akishika kazi yako, kilo zako na paa lako kwa mkono mmoja, hana haja ya panga. Anakwambia tu upite kwake jioni, na nyote wawili mnajua akiba yako ni ya siku ngapi.

Ongeza umbali. Mashamba ni mapana, mistari ya miwa au mahindi humficha mtu hatua chache kutoka kwa mwenzake, vyoo viko mbali, kituo cha polisi kiko mbali zaidi, na nauli ya kufika huko ni ujira wa siku. Ongeza pia kwamba wanawake wamejaa kwenye kazi za chini zenye ujira mdogo, huku wasimamizi wengi wakiwa wanaume. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba katika ajira za ujira kwenye kilimo, mwanamke hupata senti 82 kwa kila dola moja anayopata mwanamume. Wahamiaji wasio na karatasi wako pabaya zaidi, kwa kuwa anayewatisha anaweza kuwatisha kwa jela au kurudishwa kwao.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoota chenyewe shambani. Nani apime, nani aajiri, watu wasafiri saa ngapi, walale wapi: yote hayo ni maamuzi ya uendeshaji wa biashara. Ndiyo maana biashara inaweza kuyabadilisha, na ndiyo maana inawajibika isipoyabadilisha.

Sisi hatuna shamba. Tunanunua tu. Linatuhusu wapi?

Linawahusu kupitia oda mnazotoa. Mnunuzi anayepandisha oda ya maua maradufu siku chache kabla ya sikukuu, bila kusogeza tarehe ya kupeleka, anaamua kwamba wanawake fulani watabaki kwenye kiwanda cha kufungasha hadi usiku na kurudi nyumbani kwa miguu gizani. Anayebana bei msimu baada ya msimu anaamua kwamba mwenye shamba ataacha mikataba ya kudumu na kuchukua vibarua kupitia mawakala. Anayefuta oda ghafla anaamua kwamba kesho watu wengi watapigania nafasi chache za kazi, na mwenye kuzigawa atakuwa na nguvu kuliko jana.

Hakuna mnunuzi anayeandika kwenye oda kwamba mtu adhalilishwe. Lakini bei, muda na taarifa ya mabadiliko ndivyo vinavyojenga mazingira ambamo msimamizi anapata nafasi ya kufanya atakalo. Kampuni nyingi hutuma kanuni za maadili kwa wauzaji wao kupitia idara moja, huku idara ya manunuzi ikitoa masharti ambayo hayatimiziki bila kuzivunja kanuni hizo. Ukitaka kujua kampuni inachukulia suala hili kwa uzito gani, uliza kama meneja manunuzi amewahi kupimwa kazi yake kwa kipimo kingine zaidi ya bei na muda.

Kuna hasara ya kibiashara, au ni suala la utu tu?

Utu ungetosha. Mwanamke anayelazimishwa kulala na mtu ili apate siku ya kazi anatendewa unyama, na faida iliyopita kwenye mikono hiyo ina doa hata kama hakuna aliyewahi kushtakiwa. Sitaki msomaji afikiri kwamba hesabu zifuatazo ndizo zinazolipatia suala hili uzito.

Hesabu zipo hata hivyo. Mchumaji mzoefu hujua jani au tunda la daraja la juu kwa kulitazama. Akiondoka kwa sababu ya msimamizi mmoja, anayechukua nafasi yake huleta mazao mchanganyiko kwa wiki kadhaa. Wanaobaki hukosa siku, huumia zaidi kwa kufanya kazi na mawazo, na hukwepa mistari ya mbali au zamu za usiku. Msimamizi anayeuza nafasi za kazi kwa ngono huajiri waliokubali, hata kama wanaojua kazi ni wengine, na mara nyingi anayedanganya kwenye hilo anadanganya pia kwenye mizani.

Kisha kuna siku ambayo habari hutoka. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kuhusu mashamba ya chai huko Kericho, Kenya, ambako zaidi ya wanawake 70 walieleza kudhalilishwa kingono na wasimamizi wao. Baadhi ya wasimamizi walisimamishwa kazi, Bunge la Kenya likataka uchunguzi, na wanunuzi wenye majina makubwa wakajikuta wanawaeleza wateja wao mambo ambayo walipaswa kuyajua zamani. Miaka miwili kabla ya hapo, kampuni moja ya Uingereza yenye mashamba ya chai na makadamia Malawi ilikubali kumaliza nje ya mahakama madai ya wanawake waliosema walinyanyaswa kingono wakiwa kazini humo. Madai hayo yalifunguliwa London, maelfu ya kilomita kutoka kwenye mistari ya chai. Umbali ambao zamani ulikuwa kinga ya kampuni mama sasa si kinga tena.

Sheria zinatutaka nini?

Inategemea mko wapi na mnauza wapi, lakini mwelekeo ni mmoja. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu za mwaka 2011 zilisema wazi kwamba wajibu wa kampuni unafika kwenye madhara yanayohusiana na shughuli zake kupitia wauzaji wake. Ufaransa ililifanya hilo kuwa sheria mwaka 2017. Sheria ya Ujerumani ya minyororo ya ugavi ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake kuhusu wajibu huo mwaka 2024, ingawa baadaye ulisogeza mbele tarehe za utekelezaji. Kampuni kubwa zikibanwa, hupeleka masharti hayo chini kwa wauzaji wao, kwa hiyo hata shamba la ukubwa wa kati linaloziuzia litaulizwa maswali.

Upande wa forodha nako kumebadilika. Septemba 2020 Marekani ilizuia mafuta ya mawese ya kampuni moja kubwa ya Malaysia kwa sababu ya kazi za kulazimishwa, na miongoni mwa viashiria ilivyovitaja ni ukatili wa kimwili na wa kingono.

Msisahau sheria za nchi yenyewe ambako mazao yanalimwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa katika kifungu cha 25. Afrika Kusini iliridhia Mkataba Na. 190 mwaka 2021, Uganda mwaka 2023.

Wakaguzi wetu huenda kila mwaka na hawajawahi kukuta tukio hata moja. Si ushahidi kwamba tuko salama?

Hapana. Hili ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe taratibu kuliko yote.

Ukaguzi wa kawaida hutangazwa mapema. Wakaguzi hufika wakiwa na gari la kampuni, hupokelewa na meneja, hupewa orodha ya wafanyakazi wa kuhojiwa, na huwahoji kwenye chumba kilicho jirani na ofisi. Mara nyingi mkaguzi ni mwanamume asiyezungumza lugha ya wachumaji. Ana siku moja au mbili za kuangalia dawa za kuulia wadudu, vizima moto, karatasi za mishahara na watoto walio chini ya umri, na ndani ya muda huo anamuuliza mwanamke ambaye hajawahi kumwona kama amewahi kudhalilishwa. Ni nani angejibu ndiyo? Jioni mkaguzi anaondoka, naye anabaki na msimamizi wake.

Vyoo vinaonekana, mishahara inaandikwa, lakini ukatili wa kingono hauachi karatasi. ILO iligundua katika utafiti ule wa 2022 kwamba ni zaidi kidogo ya nusu tu ya waliotendewa ukatili kazini waliowahi kumwambia mtu yeyote, na hapo wamo waliomwambia rafiki au ndugu. Sifuri kwenye ripoti ya shamba lenye mamia ya wanawake vibarua inapaswa kuwatia wasiwasi kuliko malalamiko kumi.

Yanayosaidia ni mengine. Mahojiano yafanyike nje ya shamba, na wanawake wanaoaminika na jamii, bila majina kuandikwa. Waulizwe kwa kuzunguka: nani hupata mistari mizuri, watu hukwepa kufanya kazi na nani, ni sehemu gani ambazo mwanamke hapiti peke yake. Wachumaji wanaweza kuchora ramani ya shamba na kuweka alama za mahali wanapopaogopa; huwa wanajua vizuri sana. Tazameni pia kumbukumbu zenu kwa jicho jingine. Kikosi kimoja ambacho wanawake wanaacha kazi haraka kuliko vikosi vingine kinasema kitu.

Tumefungua namba ya simu ya malalamiko na simu zimemiminika. Tumeharibu nini?

Hamjaharibu kitu. Watu wameanza kuwaamini. Mwelezeni hivyo mkurugenzi mapema, ili asije akadai namba ifungwe mwezi wa pili. Mtaharibu iwapo anayepokea simu ni mtu wa ofisi ya shamba lilelile, au iwapo malalamiko matatu ya kwanza yatapita bila hatua. Habari hiyo itafika vikosi vyote ndani ya siku moja.

Tukithibitisha kwamba kwa muuzaji wetu kuna ukatili, tuache kununua kwake?

Siyo kama hatua ya kwanza. Mnunuzi akikimbia, wanaopoteza kazi ni wachumaji, wakiwemo wanawake waliojitokeza kusema. Wengine watajifunza kwamba anayesema hufukuzisha wenzake, na muuzaji atatafuta mnunuzi asiyeuliza maswali.

Bakini, lakini bakini na masharti yenye tarehe: wahusika waondolewe kwenye nafasi za mamlaka wakati uchunguzi unaendelea, uchunguzi ufanywe na mtu wa nje, waliolalamika wasiguswe, gharama za matibabu na ushauri nasaha zilipwe. Changieni gharama za marekebisho, hasa kama bei yenu imechangia tatizo. Muuzaji akigoma au akilipiza kisasi, kuondoka kuna maana, na hata hapo iwe kwa taarifa ya kutosha na mpango kwa wafanyakazi. Tishio la kuondoka lina nguvu pale tu muuzaji anapoamini kwamba akirekebisha, oda zitabaki.

Kuna mahali ambapo hili limefanikiwa?

Mfano ninaoupa uzito mkubwa ni wa mashamba ya nyanya ya Florida, Marekani. Wafanyakazi wa mashamba katika mji wa Immokalee walianza kujipanga mwaka 1993, na baada ya miaka mingi ya kuwashinikiza wanunuzi wakubwa kama McDonald's, mwaka 2011 mpango wao wa Fair Food (yaani chakula cha haki) ulienea kwenye sehemu kubwa ya sekta hiyo. Mnunuzi aliyesaini hulipa senti moja zaidi kwa kila ratili (karibu nusu kilo) ya nyanya, na fedha hiyo humfikia mchumaji kwenye ujira wake. Zaidi ya hapo, anajifunga kisheria kutonunua kwa shamba lililosimamishwa kwa kuvunja kanuni, na udhalilishaji wa kingono ni miongoni mwa makosa yasiyovumiliwa.

Mafunzo hutolewa na wafanyakazi kwa wafanyakazi, ndani ya saa zinazolipwa. Simu ya malalamiko hupokelewa saa 24. Wakaguzi huwahoji angalau nusu ya wafanyakazi wa shamba, jambo ambalo kwenye ukaguzi wa kawaida halifikiriwi hata. Msimamizi aliyefukuzwa kwa kumdhalilisha mfanyakazi kwa kumgusa hazuiliwi kwenye shamba lile tu. Hawezi kuhamia kwa jirani aliye kwenye mpango na kuendelea. Mashamba ya Florida yaliwahi kuitwa chimbuko la utumwa wa kisasa na waendesha mashtaka wa Marekani wenyewe, kwa hiyo kisingizio kwamba sekta fulani imeharibika mno kurekebishwa hakina mashiko.

Mfano mwingine umetoka Ziwa Victoria, kwenye samaki. Upande wa Kenya, wavuvi walizoea kuwadai ngono wanawake wachuuzi kabla ya kuwauzia samaki. Kuanzia mwaka 2011 wanawake wa mwalo (ufuko wa wavuvi) wa Nduru walisaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi. Mwenye chombo ndiye anayeamua samaki wanauzwa kwa nani. Mafuriko na uchakavu wa mitumbwi viliwarudisha nyuma baadaye, na hilo nalo ni fundisho kwa wafadhili wanaopenda kuzindua kuliko kuhudumia.

Sisi tunanunua kwa wakulima wadogo. Yanayotokea nyumbani kwa mtu yanatuhusu?

Yanawahusu pale utaratibu wenu wa malipo unapoyachochea. Katika vyama vingi vya ushirika, mwanachama ni mwenye shamba, na mwenye shamba kwenye karatasi ni mume. Mke amepalilia, amechuma, ameanika, kisha fedha ya msimu inaingia yote kwa siku moja kwenye simu ya mume. Wiki hiyo ya malipo huzaa ugomvi na vipigo katika nyumba nyingi, na mwanamke anayeuliza zilikokwenda ndiye anayeumia.

Uanachama wa pamoja, malipo yanayogawanywa katika akaunti mbili na kutolewa kwa awamu ni mambo ambayo mnunuzi au ushirika unaweza kuyapanga. Yapangwe pamoja na wanawake wenyewe. Fedha ikihamishwa kwenda kwa mke bila mume kuhusishwa, anaweza kupigwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo mazungumzo ya familia nzima huja kwanza. Tazameni pia afisa ugani wenu. Anayegawa mbegu, mikopo ya pembejeo na madaraja ya ubora peke yake ana mamlaka yaleyale ya msimamizi wa mizani.

Wanaume je?

Nao hutendewa, hasa vijana na wahamiaji, na aibu huwafunga midomo zaidi. Njia za malalamiko ziwe wazi kwao.

Tukiligusa hili, hatutaonekana tunaingilia mila za watu?

Waulizeni wanawake wanaofanya kazi hapo kama hiyo ni mila yao. Hoja hii kwa kawaida huletwa na mwenye mamlaka, na sijui jamii ambayo wazee wake wakiulizwa hadharani watasema binti apewe kazi kwa kulala na msimamizi.

Bajeti yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kugawa mamlaka, maana gharama yake ni ndogo kuliko semina. Anayeajiri asiwe anayepima. Mizani isomwe mbele ya mchumaji, naye apewe karatasi yenye kilo zake. Mistari igawiwe kwa zamu inayojulikana na wote. Orodha ya watakaorudi msimu ujao ifuate vigezo vilivyobandikwa ukutani. Wanawake wapandishwe kuwa wasimamizi, zaidi ya mmoja, kwa sababu aliye peke yake hunyamazishwa. Kisha vyoo vya karibu vyenye komeo la ndani, taa njiani, na usafiri usiomwacha mtu wa mwisho peke yake na dereva. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, kaeni nacho mezani kabla ya kuandika sera yoyote.

Mfanyakazi ametuambia leo kwamba amebakwa. Tufanye nini?

Msikilizeni mara moja, faraghani, na asilazimishwe kurudia maelezo kwa kila meneja. Muulizeni anataka nini, na kama usiku huu ana mahali salama pa kulala.

Matibabu yasisubiri uchunguzi wa kampuni. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Toeni usafiri na fedha bila kumdai karatasi, na mpatieni mwanamke wa kumsindikiza akipenda. Akitaka kwenda polisi, aelezwe kwamba kuoga na kufua nguo kabla ya kupimwa kunaweza kupoteza ushahidi. Uamuzi wa kushtaki ni wake, isipokuwa pale sheria inapolazimisha kutoa taarifa, kama ilivyo kwa watoto katika nchi nyingi.

Anayetuhumiwa aondolewe mahali wanapokutana siku hiyohiyo. Ahamishwe yeye, asihamishwe aliyelalamika, na mapato ya aliyelalamika yasipungue hata kwa siku moja. Jina lake lijulikane kwa wachache wanaohitaji kulijua. Uchunguzi ukikamilika, arudiwe na kuelezwa kilichoamuliwa na sababu zake, kisha afuatiliwe baada ya wiki chache na tena msimu mpya unapoanza, kuona kama jina lake limeitwa.